Tyubu ya Tatu

Nilimwahidi Mama Neema kwamba nitaandika, na kwamba sitamtaja. Neema si jina la binti yake. Nimelichagua kwa sababu katika mtaa wetu wa Kaloleni lipo karibu kila nyumba na halitamfichua mtu. Aliongeza sharti moja. "Uandike vile ilikuwa," aliniambia. "Hao wenzako usiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa." Nitajaribu, ingawa nimeanza ukurasa huu mara nne na kuuchana mara tatu.

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Jirani zangu hawajamaliza kucheka. "Mzee wa pensheni, umeamkaje?" huniuliza, na mmoja ameshanishauri nifuge kuku. Kilichonistaafisha ni mkono wangu wa kulia, ambao hutetemeka. Bodi ya madaktari iliupa ugonjwa huo jina refu, kisha ikaamua kwamba mkono huo usikabidhiwe tena pipeti ya kupimia matone. Ninawaandikia ninyi mlioingia maabarani baada yangu, mnaokalia viti vyetu na pengine kuvaa makoti yetu.

Nilifika kazini nikiwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nikiamini kwamba sayansi ni kazi ya uadilifu kabla ya kuwa kazi ya akili. Bado ninaamini hivyo. Siku ya kwanza, hata hivyo, haikuniuliza ninachoamini. Mashine ya barafu ilikuwa imeharibika, na mtaalamu mkuu wa maabara, Madam Nduku, alinipa kikasha cha plastiki na kunituma soko la Gikomba kwa wauza samaki.

"Unataka barafu bila samaki?" akaniuliza mama mmoja aliyekuwa akipasua mbuta.

"Ndiyo, mama."

"Sasa ugali utakula na barafu?"

Wenzake walicheka hadi wa upande wa Majengo wakageuka kutazama. Nilirudi na kikasha kilichojaa, koti langu jipya likinuka ziwa zima. Madam Nduku hakucheka. Alinionyesha kwamba barafu hukaa nje ya tyubu, kile kichupa cha jaribio, kamwe haigusi kilicho ndani, kwa hiyo harufu ya mbuta ni shida ya pua tu. "Lakini ikiyeyuka," alisema, "kazi ya siku tatu imekufa." Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuitazama barafu kila baada ya dakika chache. Hata nyumbani, soda ikiwa baridi mezani, jicho huenda huko lenyewe.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa baadhi yenu mtakuwa mmeletwa kufanya kazi nyingine kabisa. Chembe hai ina vyumba vidogo ndani yake, na kila chumba kimezungukwa na utando wake. Protini nyingi hutengenezwa nje ya vyumba hivyo, kisha hupaswa kupelekwa ndani. Kila moja huwa na anwani iliyoandikwa katika mwili wake. Chumba kiitwacho peroksisomu huipokea protini ikiwa imekunjwa tayari, kama mfanyabiashara wa mitumba anayepokea belo likiwa limefungwa kwa nyaya zake. Mitokondria, ile inayotengeneza nguvu, ina matundu membamba mno. Belo halipiti hapo. Ni lazima lifunguliwe, nguo zipitishwe moja moja kama uzi, kisha zikunjwe upya upande wa ndani. Tena mitokondria iwe hai, maana iliyokufa haivuti kitu. Kazi yetu ilikuwa kuuliza swali moja kwa kila protini tuliyopewa: je, imeingia?

Madam Nduku alilichukia neno hilo. Hakulichukia kwa sababu ya lugha. Alilichukia kwa sababu liliandikwa mapema mno. Alinifundisha kutumia tyubu tatu. Katika zote huwekwa mitokondria pamoja na protini iliyotiwa alama ili ionekane kwenye filamu, kama ile ya eksirei, ikiwa mstari mweusi. Ya kwanza huachwa ilivyo. Ya pili hutiwa kimeng'enya kinachokata protini, ambacho sisi tulikiita mkasi. Mkasi hukata vyote vilivyobaki nje, lakini hauwezi kupenya utando. Ya tatu hutiwa mkasi uleule pamoja na sabuni. Sabuni huyeyusha utando, hivyo hakuna pa kujificha.

"Ukiona mstari kwa tyubu ya pili, umeona nini?" aliniuliza wiki ile ya kwanza.

"Nimeona protini imeingia, Madam."

"Umeona imesalia. Kuingia hujaona. Pengine mkasi ni butu. Pengine protini yenyewe ni ngumu, mkasi haiwezi. Pengine wewe ulisahau kuweka mkasi, kwa maana jana ulikuwa harusi."

"Sikuenda harusi, Madam."

"Basi matanga. Mpaka tyubu ya tatu ikuonyeshe mkasi unakata, wewe andika 'imesalia'. Mtu akisimama kwa mlango usimhesabu na wageni wa ndani."

Kwa hiyo madaftari ya maabara yetu yana maneno mawili, na mgeni akiyasoma hudhani ni suala la mtindo. "Imesalia" huandikwa baada ya tyubu ya pili. "Imeingia" huandikwa baada ya ya tatu, tena kwa kalamu isiyofutika. Nililikubali jambo hilo kwa moyo wote, kama watu wanavyokubali ubatizo.

Kutoka kwa Madam Nduku nilijifunza pia namna ya kushika pipeti. Baba yake alikuwa mchonga vinyago Ukambani, naye alituambia kwamba mchongaji hutumia mwili mzima kuutuliza mkono: kiwiko hugusa ubavu, pumzi hushushwa, kisha ndipo patasi inagusa mti. Alitusimamisha mbele ya meza, viwiko vimebanwa, tukapiga matone ya maji kwenye karatasi hadi yakalingana. Tone la mkasi ni dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Likinata kwenye ukuta wa tyubu au kwenye kifuniko, halifiki kwenye maji, na tyubu hiyo itaonekana kuwa imetiwa mkasi ilhali haina. Kumbukeni jambo hilo mnaposoma yanayofuata.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida na mizuri. Mashine ya barafu ilitengenezwa, ikaharibika tena, ikaachwa. Alikuja Kevo, kijana wa mtaa wa Fedha, mwenye mikono mitulivu kuliko yeyote niliyemwona na mdomo usiotulia hata kidogo. "Niaje, msee wa protini," alinisalimu kila asubuhi, nami nikamjibu kwa Kiswahili cha chuoni kwa makusudi, ili acheke. Profesa wetu, mtu wa upole na haraka, alipita mara mbili kwa siku, akaomba matokeo ya kesho.

Mkono ulianza kutetemeka mvua za masika zilipoanza. Mwanzoni nilidhani ni baridi ya barafu. Kisha nikadhani ni kahawa, nikaacha kahawa. Kisha nikadhani ni hofu, nikajaribu kuacha hofu, jambo ambalo halifanani na kuacha kahawa. Nilianza kufika mapema ili nipime vitu vidogo kabla wengine hawajaja. Nilijifunza kuegemeza kiganja kwenye ukingo wa rafu ya tyubu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ningesema pindi hitilafu ya kwanza itakapoonekana, nikasahau kwamba mwenye kuitafuta hitilafu hiyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Katika kipindi hicho ndipo ilipoletwa kazi ya Neema. Kwetu ililetwa ikiwa na namba tu, kama inavyostahili. Mtoto fulani alikuwa na mawe kwenye figo zote mbili, kwa sababu protini moja ya ini lake haikufanya kazi, na chumvi ambayo protini hiyo hupaswa kuizuia iliganda ndani ya figo. Katika ugonjwa huu, wagonjwa wengine wana protini iliyo nzima lakini iliyopotea njia. Ilipaswa kwenda peroksisomu ikiwa belo lililofungwa. Badala yake hukawia kujikunja, mitokondria ikaivuta kama uzi, ikakaa huko bure. Kwa baadhi ya wagonjwa hao, vidonge vya vitamini B6 huisaidia protini kujikunja upesi na kushika njia yake. Wengine protini yao huharibika kabisa, na hao vidonge haviwafai. Huhitaji ini jipya, na mara nyingi figo pia. Badiliko la jeni la mtoto huyu halikuwa limewahi kuonekana na madaktari wake. Walikuwa wamemwanzishia vidonge, nao wakatuuliza: protini yake inaingia mitokondria, au haiingii?

Jumapili moja, nje ya ukumbi wa jamii wa Kaloleni baada ya ibada, Mama Neema alinivuta kando. Tulikuwa tumekua mtaa mmoja. Babu zetu wote wawili walifanya kazi reli.

"Daktari, hii karatasi inasema nini?"

"Mimi si daktari, Mama Neema."

"Sawa, daktari. Nisomee."

Ilikuwa barua ya hospitali, na namba iliyokuwa juu yake niliijua. Hapo nilipaswa kurudi kazini na kumwomba Madam Nduku ampe mtu mwingine kazi hiyo. Sikufanya hivyo. Nilijiona nimeteuliwa. Vijana wenye dhamira njema hupenda kujiona wameteuliwa, nami nilikuwa mmoja wao hasa.

Nilifanya jaribio peke yangu asubuhi ya Jumatano. Protini yenye alama iliyobaki ilitosha mara moja tu. Nyingine ilikuwa imeagizwa na ingechukua wiki kadhaa kufika. Madaktari wangekutana na Profesa kesho yake. Nilibana kiwiko ubavuni. Nilishusha pumzi. Tyubu ya kwanza ilikuwa sawa. Kwa tyubu ya pili nililitia tone la mkasi, mkono ukaruka, nami nikaona ncha ya pipeti imegonga mahali karibu na mdomo wa tyubu. Nikajiambia tone limeteremka. Kwa tyubu ya tatu nilikuwa nimekwisha kutia sabuni, nikawa ninainua mkono, kidole kikaipiga tyubu ikapinduka ndani ya barafu. Niliiinua upesi. Ilikuwa imejaa maji ya barafu, ya Gikomba, yenye magamba mawili ya samaki.

Niliimwaga.

Filamu ilipotoka, tyubu ya kwanza ilionyesha mstari mweusi, na ya pili mstari mweusi vilevile, mzuri, ulionyooka. Kwa protini nyingine nyingi kungekuwa na dalili nyingine: mitokondria ikishaipokea huikata kipande cha anwani, nayo huonekana fupi kidogo. Lakini hii haikatwi anwani yake huko. Tyubu ya tatu ndiyo iliyokuwa shahidi peke yake, nami nilikuwa nimemmwaga shahidi sinkini. Nililifungua daftari la kijani la maabara. Nilimfikiria Neema akimeza vidonge, nikafikiri jinsi ambavyo jibu hilo lingekuwa jema: ugonjwa wenye dawa. Nikaandika, kwa kalamu isiyofutika, "Imeingia."

Profesa alifurahi. Madaktari waliandikiwa kwamba huenda protini imepotea njia, na kwamba kuendelea kusubiri matokeo ya vidonge ni busara.

Jumapili iliyofuata Mama Neema alinishika mikono yote miwili. "Wamesema tungoje na vidonge! Ndugu yangu alikuwa amekuja kupimwa atoe kipande cha ini, nimemwambia arudi Busia alime. Hata mambo ya pasipoti ya kumpeleka nje kwa upasuaji tumeweka kando." Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitetemeka ndani ya mikono yake, naye akadhani ni furaha. Akaubana zaidi.

Sikulala vizuri wiki hizo, lakini usingizi si hoja. Hoja ni kwamba kila siku nilipata sababu mpya ya kutosema. Leo Profesa ana wageni. Leo Madam Nduku ana homa. Pengine tone liliteremka kweli. Pengine jibu ni sahihi, na nikisema nitawatia watu hofu bure. Akili iliyosoma hutengeneza sababu kwa wingi, na kila moja ina sura ya unyenyekevu.

Kevo ndiye aliyegundua. Alikuwa akilipekua daftari akitafuta kipimo cha chumvi.

"Buda, hii ya mtoi wa figo. Tyubu ya tatu iko wapi?"

"Filamu haikutosha."

"Filamu ilikuwa na nafasi ya watu kumi hapa." Akalisogeza daftari dirishani. "Na umeandika 'imeingia'. Wewe, mzee wa 'imesalia'."

"Mstari unaonekana wazi, Kevo."

"Ni protini imeingia, ama ni wewe umeingia boksi?"

Kuingia boksi, kwa lugha ya Kevo, ni kudanganywa hadi ukaridhika. Alisema kwa utani, akingoja nimjibu kwa Kiswahili cha chuoni. Nililifunga daftari. Alinitazama usoni, kisha akatazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza, ukigonga mbao taratibu bila mimi kuutuma. Utani ukamtoka.

"Hii imeanza lini?"

"Masika."

"Twende kwa Madam. Sasa hivi. Nitakusindikiza."

Madam Nduku alisikiliza yote akiwa amesimama. Sikuacha kitu: mdomo wa tyubu, tyubu iliyopinduka, magamba, barua ya hospitali, ndugu aliyerudi Busia. Nilitarajia hasira. Alinipa pipeti na kipande cha karatasi.

"Piga matone."

Nilipiga. Moja lilianguka penye karatasi, mengine popote. Aliyatazama, kisha akaketi.

"Miezi yote hii nimekagua matokeo yako," alisema. "Mkono sijakagua hata siku moja." Akavua miwani. "Huyo mtoto ana muda gani?"

"Sijui, Madam."

"Hilo sasa ndilo ungeandika."

Siku hiyohiyo Profesa aliwapigia madaktari simu na kuliondoa jibu letu. Protini mpya ilikuwa imefika wiki ile. Kevo ndiye aliyefanya jaribio. Mimi niliketi kwenye kiti, mikono magotini, nikisoma hatua kwa sauti, naye akinijibu. "Mkasi, tyubu ya pili." "Umeingia kwa maji, nimeona na macho yangu." "Sabuni, tyubu ya tatu." "Imeingia." "Mkasi, tyubu ya tatu." Madam Nduku alisimama nyuma yetu. Filamu ilionyesha mstari katika tyubu ya kwanza. Ya pili ilikuwa nyeupe. Ya tatu nyeupe. Tulirudia kesho yake, ikawa vilevile. Protini ya Neema haikuwa imeingia popote. Ilikuwa imenata nje ya utando, na mkasi halisi ulipofika uliimaliza yote. Haikuwa imepotea njia ya kwenda nyumbani; ilikuwa imeharibika. Vidonge havingemfaa, na vipimo vya mkojo hospitalini, vilivyokuwa vikisubiriwa vishuke, vilikuwa havijashuka.

Mama Neema alipokwisha kuelezwa na daktari wa bintiye, niliomba ruhusa nikamwone. Nilimkuta nje ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo. Neema alikuwa ndani, televisheni ikisikika. Nilisimama nikamweleza, kwa maneno niliyoyapanga njiani na ambayo yote yalinitoroka.

"Kwa hivyo ulijua," alisema.

"Nilijua kwamba sijui. Nikaandika kwamba najua."

"Na mimi nikakushika mkono hapo kwa ukumbi. Nikakuombea." Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe, akatupa lingine. "Wiki tano, Wekesa. Mtoto wangu amengoja wiki tano juu uliona aibu ya kutetemeka?"

"Ndiyo."

"Sema vizuri."

"Ndiyo, Mama Neema. Ni kwa sababu ya aibu."

Hakuniambia niketi, wala hakuniambia niondoke. Mwishowe aliuliza iwapo watu wengine maabarani wanajua kwamba jambo kama hili linaweza kutokea kwa mtu anayependa kazi yake. Nikasema sidhani. Ndipo akanitoza ahadi niliyoitaja.

Ninapoandika haya, Neema anaenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mjomba wake amerudi kutoka Busia na vipimo vyake vinaendelea. Daktari hajasema kama ini lake linafaa. Hakuna anayeweza kuniambia zile wiki tano zilichukua nini katika figo za Neema. Nimemwuliza Profesa, nimemwuliza daktari, wote wameniambia haipimiki. Madam Nduku ameweka utaratibu mpya: kila Jumatatu kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, hupiga matone kumi kwenye karatasi mbele ya mwenzake. Kevo hulalamika kwamba inafanana na gwaride la shule ya msingi. Nasikia hakosi.

Nami nimebaki na daftari moja kichwani. Kati ya mwanzo wa masika na siku ile Kevo aliponiuliza, nilifanya majaribio mengine mengi katika daftari lilelile la kijani, kwa protini za watu nisiowajua na kwa utafiti ambao baadhi yenu mnaujengea tasnifu zenu. Katika mengi ya hayo tyubu ya tatu ipo. Lakini mkono ulikuwa ni uleule, na sikumbuki kila tone lilianguka wapi. Nimejaribu kukumbuka, ninaamka nikijaribu.

Daftari liko kwenye rafu ya juu, kulia kwa friza kubwa. Kila ukurasa wa miezi hiyo una herufi za jina langu pembeni. Naomba mzirudie kazi hizo zote, moja baada ya nyingine, mkianza na zile ambazo majibu yake yanawapendeza.